Michoro 611 ya bibi anayekuna nazi: jinsi ya kutengeneza filamu fupi ya katuni kwa mkono

Filamu yangu ina dakika mbili. Mjukuu anashuka basi usiku Tanga, anabisha hodi kwa bibi yake bila kutoa taarifa. Bibi alikwisha kula kiporo chake na kujilaza. Anaamka, anawasha kandili, anavuta mbuzi, anakuna nazi ili mgeni ale wali. Basi. Nimeichora yote kwa penseli, karatasi baada ya karatasi, usiku baada ya kazi, kwa miezi mitano. Hapa naeleza hatua nilizopitia kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya kesho, na pale nilipopotea nitasema nilipotea wapi, ili wewe usipite huko.

1. Hesabu karatasi kabla ya kupenda hadithi

Filamu huenda fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Katika uchoraji wa mkono, mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili na jicho halilalamiki, kwa hiyo sekunde moja inakula michoro 12. Dakika moja ni michoro 720. Dakika mbili ni 1,440. Émile Cohl, Mfaransa aliyetoa Fantasmagorie mwaka 1908, alichora karatasi karibu 700, akapata filamu ya dakika moja na ushei tu.

Sasa jipime. Chora michoro 20 ya rasimu ya mtu anayegeuza shingo, ukiwa na saa mbele yako. Mimi nilipata michoro 10 kwa saa. Kuisafisha baadaye, kwa mstari wa mwisho, nilipata 8 kwa saa. Ukizidisha utaona mwenyewe kwa nini hadithi yangu ya kwanza, yenye stendi ya basi, abiria, wapiga debe na mvua, ilibidi niiweke kando. Sikuiacha kwa uvivu. Niliiacha kwa sababu ingenichukua mwaka na kitu, na kiini chake hakikuwa stendi, kilikuwa bibi.

Basi lenyewe halionekani kwenye filamu. Chumba kina giza, honi inalia kwa mbali, mwanga wa taa za gari unapita ukutani na kupotea. Michoro 9. Kila aliyeiona ameniambia ameliona basi.

Kwa namna hiyo 1,440 ikashuka mpaka 611. Penye utulivu weka mchoro mmoja uliotulia: mlango, kandili, sinia juu ya mkeka. Penye kitendo kinachojirudia tumia mzunguko wa michoro michache. Okoa nguvu zako kwa zile sekunde chache ambazo bila wewe kuchora kila kitu hazina uhai. Na hata 611 ni saa 137 za kuchora tu: kwa saa mbili kila usiku, ni siku 69 bila kukosa hata moja.

2. Storibodi na sauti, na sauti itangulie

Kata vikaratasi vidogo, mchoro mmoja kwa kila hatua ya hadithi, vibandike ukutani. Vyangu vilikuwa 34, vikabaki 22. Uzuri wa vikaratasi ni kwamba unaweza kung'oa kimoja bila uchungu, tofauti na daftari.

Kisha rekodi sauti kabla ya kuchora chochote. Hili nililijua kwa kusoma, nikalipuuza, nikachora sekunde 15 kwa kukisia, na zote nikazitupa. Sauti ndiyo inayokuambia kitendo kina urefu gani. Nilikwenda uani kwa shangazi yangu alasiri, nikaweka simu juu ya kigoda, nikamrekodi akikuna nazi mbili nzima. Maneno ya mjukuu na bibi niliyarekodi ndani, msemaji akiwa amejifunika blanketi pamoja na simu ili sauti isigonge kuta.

Fungua sauti hiyo kwenye programu ya kuhariri kama Audacity, ambayo ni ya bure, utaona mawimbi yake. Kila pigo la kukuna ni kilima kidogo. Andika kwenye jedwali: pigo la kwanza fremu ya 1, la pili fremu ya 17, la tatu fremu ya 33. Hilo ndilo jedwali la fremu, nalo litakaa kando ya mkono wako mpaka siku ya mwisho. Ukiwa na vikaratasi vya storibodi vilivyopigwa picha na kuwekwa juu ya sauti hiyo kwa urefu wake halisi, tayari una filamu nzima katika hali ya mifupa. Itazame na mtu mwingine. Kama haelewi hapo, michoro mizuri haitamsaidia.

3. Meza ya taa na pini

Unahitaji kuona mchoro ulio chini wakati unachora ulio juu. Fundi seremala alinitengenezea sanduku la mbao lenye mgongo ulioinama kama dawati, na kwa fundi wa vioo nikakatiwa plastiki nyeupe ya maziwa kufunika juu. Ndani nikabandika utepe wa taa za LED. Usitumie balbu inayopata joto. Karatasi hukunjamana na mkono unatoka jasho juu ya penseli.

Kitu muhimu kuliko taa ni pini. Karatasi zote lazima zikae mahali palepale, la sivyo bibi atatetemeka kama ana homa. Studio kubwa zina pini zao maalumu, lakini panchi ya kawaida ya ofisini inatosha: hutoboa matundu mawili yenye upana wa milimita 6, yaliyoachana sentimita 8. Pata vijiti viwili vya mbao vya unene huo, vipige msasa mpaka karatasi iingie kwa kubanwa kidogo bila kuchanika, uvigundishe kwenye ubao mwembamba kwa umbali uleule. Toboa karatasi moja moja au mbili mbili, ukiisukuma mpaka mwisho wa panchi kila mara. Ukitoboa kumi kwa pamoja, za chini zitateleza.

Nilitumia karatasi za A4 za gramu 80, zile za kurudufu. Ni nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga na rimu ya 500 inapatikana kila duka la vifaa vya shule. Ila karatasi hunywa unyevu wa hewa na kutanuka. Masika ilipoingia, michoro niliyoianza kipindi cha jua haikukutana tena na ile niliyoimalizia kwenye mvua. Mistari ilipishana kwa upana wa nywele, na kwenye skrini unywele huo unaonekana. Tangu hapo karatasi zangu zote, zilizochorwa na tupu, hulala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana. Kwa wakaaji wa pwani hili si jambo la hiari.

Kama karatasi zenyewe ni shida kupata, kuna njia ya William Kentridge wa Afrika Kusini: unachora kwa mkaa kwenye karatasi moja kubwa, unapiga picha, unafuta kidogo, unachora tena, unapiga picha tena. Kivuli cha kilichofutwa hubaki, na kwa hadithi za kumbukumbu kivuli hicho kina nguvu yake. Tatizo ni kwamba huwezi kurudi nyuma kusahihisha.

4. Mhusika anayechoreka mara mia

Hapa ndipo nilipoumia zaidi. Bibi yangu wa kwanza alikuwa amevaa kanga yenye maua mji mzima, na pindo lenye vitone. Mchoro mmoja ulipendeza sana. Michoro 12 ikanichukua jioni nzima, na ilipochezwa, yale maua yalichemka mwilini mwake kama uji kwenye sufuria, kwa sababu hakuna mkono unaoweza kuweka ua palepale mara 12.

Nikamvua ile kanga. Sasa amevaa kanga ya rangi moja iliyoiva, imejazwa kwa ubapa wa penseli, na pindo ni mstari mmoja tu. Jina la kanga linaonekana mara moja, mwishoni kabisa, ameketi kimya anamtazama mjukuu akila: *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Hapo bibi hajongei, kwa hiyo niliweza kuandika kila herufi kwa utulivu, mara moja.

Kanuni niliyojiwekea: kama siwezi kumchora bibi wote kwa mistari isiyozidi 25, bado sijamwelewa. Mchore kwa mbele, ubavuni, mgongoni na robo tatu kwenye karatasi moja, akiwa na urefu sawa, uibandike juu ya meza. Pima urefu wake kwa kichwa chake. Bibi wangu ana vichwa vinne na nusu akisimama, vitatu akikaa juu ya mbuzi. Usipofanya hivyo ataanza filamu akiwa bibi na kuimaliza akiwa mtoto.

5. Tazama kitendo, kisha chora nguzo zake

Usichore kukuna nazi kwa kumbukumbu. Mimi nimekulia ndani ya nyumba za kukuna nazi na bado nilikuwa nimekosea. Nilidhani kazi iko kwenye kiganja. Nilipomrekodi shangazi kwa video na kuipeleka fremu moja moja, nikaona kiganja karibu hakifanyi kitu. Kinachosukuma ni bega. Kichwa kinainama kidogo kabla ya bega, kana kwamba kinaonyesha njia, na kiwiko kinafuata nyuma. Kushuka kwenye meno ya mbuzi ni haraka. Kurudi juu ni taratibu. Na vidole gumba vinakaa nje ya ukingo wa kifuu, daima, maana kila mkunaji anajua meno yale hayasamehe.

Pigo moja lilimchukua fremu 16, yaani michoro 8. Chora kwanza michoro mikuu: kifuu kikiwa juu kabisa, na kifuu kikiwa chini kabisa. Hizo ni nguzo. Kisha mchoro wa katikati ya safari, ambao ndio unaoamua tabia: je, kiwiko kimetoka nje au kimebana ubavuni? Kwa bibi mzee nikakibana. Baada ya hapo ndipo ujaze michoro ya kati.

Ujazaji huo usiugawe sawasawa. Michoro ikikaribiana, mwendo ni wa polepole. Ikiachana, mwendo ni wa haraka. Mimi nilitoa michoro 3 kwa kushuka na 5 kwa kurudi. Kwa 4 na 4 alionekana kama anapaka rangi ukuta.

Shika karatasi tano kati ya vidole, uzipekue mbele na nyuma huku ukitazama. Mkono wa kushoto unapekua, wa kulia una penseli. Wiki ya kwanza utaangusha karatasi. Wiki ya tatu mkono utafanya wenyewe bila kuulizwa. Ujuzi mwingi wa kazi hii uko kwenye kupekua huko, kuliko kwenye penseli.

Mzunguko wangu wa michoro 8 ulipokamilika, niliurudia mara 14 nikaketi kuutazama nikiwa na furaha. Furaha ilidumu sekunde tatu. Bibi alikuwa mashine. Alikuna kwa usahihi, bila mwisho, bila kuwa na mtu ndani yake. Nikarudi kwenye video ya shangazi, safari hii nikitazama anachofanya wakati *hakuni*. Anazungusha kifuu. Baada ya mapigo machache anakizungusha ili apate upande wenye nyama, na hapo anapumua. Mara nyingine anakigonga kwenye ukingo wa sinia ili nazi iliyoganda iangukie chini. Nikachora kuzungusha, michoro 10, na kugonga, michoro 8. Kisha nikapanga: mapigo matano, zungusha, mapigo matatu, zungusha, gonga, mapigo sita. Fremu 280, sekunde 11 na ushei, kutoka kwenye michoro 26. Bila mzunguko zingekuwa 140. Na bibi akawa mtu.

6. Midomo: Kiswahili kinakusaidia

Vitabu vya kigeni vitakupa chati ndefu ya maumbo ya midomo. Kwa Kiswahili ni rahisi zaidi, kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu na irabu ni tano. Chora midomo ya a, e, i, o, u, uongeze mdomo uliofumba kwa m, b na p, na meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Saba. Konsonanti nyingine nyingi zinapita ndani ya kinywa na mtazamaji hazioni.

Mjukuu anasema "Shikamoo, bibi", naye anajibu "Marahaba". Neno hilo la bibi lilichukua fremu 20, michoro 10. Limeanza kwa mdomo uliofumba wa *m*, likafunguka kwenye *a*, likabaki wazi kwenye *ra* na *ha* huku kidevu kikipanda na kushuka kidogo tu, likafumba tena kwa *b*, likafunguka. Mambo mawili. La kwanza, fumba mdomo mchoro mmoja kabla ya sauti kusikika. Ukifumba palepale na sauti, jicho litaona umechelewa. La pili, usimwache azungumze kwa mdomo peke yake. Bibi akisema marahaba kichwa kinashuka, mkono unakwenda kifuani. Nilipoongeza mkono, nilipunguza midomo kutoka umbo kwa kila herufi hadi maumbo manne, na hakuna aliyegundua.

7. Jaribu kila siku

Kabla ya kulala piga picha rasimu zote za siku hiyo kwa simu, zitazame zikicheza. Programu kama Stop Motion Studio inafanya hivyo ndani ya dakika chache. Usisubiri kumaliza tukio zima. Kosa la mchoro wa 4 ukiligundua kwenye mchoro wa 60, unalilipa mara 56.

8. Kusafisha

Weka rasimu chini, karatasi mpya juu, chora mstari wa mwisho. Nilitumia HB iliyochongwa kila michoro mitatu, maana ncha ikifubaa mstari unanenepa na kurudi kukonda, na filamu inapumua pasipotakiwa. Tumia penseli ya aina moja tangu mwanzo hadi mwisho; nunua boksi zima siku ya kwanza. Jaribu kusafisha michoro mikuu yote ya tukio kwanza, kisha ya kati, si kwa kufuata namba, ndipo mabadiliko ya mkono wako yatatawanyika badala ya kuonekana kama mteremko.

Nje ya penseli ya kawaida, rangi nimetumia moja tu, chungwa, kwa moto wa kandili na wa jiko. Penseli ya rangi hucheza kutoka karatasi moja hadi nyingine, na kwa moto mchezo huo ndio unaotakiwa.

Kila karatasi iandikwe namba kwenye kona, nje ya eneo la picha: tukio, mzunguko, mchoro. 7-B-04. Siku upepo ulipopeperusha tukio la saba chumba kizima, namba hizo ziliniokoa.

9. Kupiga picha

Skana ni nzuri ila ya polepole, na lazima ubandike pini juu ya kioo chake. Mimi nilitumia simu iliyofungwa kwenye stendi ikitazama chini, pini zikiwa zimegundishwa mezani. Funga madirisha kabisa. Wingu likipita juu ya jua katikati ya tukio, fremu zako zitapepesa, na kusahihisha ni kazi ya siku mbili. Weka taa mbili, kulia na kushoto, kwa pembe sawa ili karatasi isiwe na kivuli. Kwenye mipangilio ya kamera, funga kipimo cha mwanga, fokasi ya lenzi na mizani ya rangi nyeupe, zisijibadilishe zenyewe. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe sekunde 1/50 au 1/100, la sivyo baadhi ya taa za LED zitaacha michirizi. Na piga picha kwa kutumia kipima muda au kitufe cha mbali. Ukigusa simu, inasogea.

Tukio likikwisha, nakili picha zake kwenye flashi na kwenye kompyuta kabla ya kuanza jingine.

10. Kuunganisha

Krita na OpenToonz zote ni za bure na zinaweza kupokea michoro yako, kuipanga kwa jedwali la fremu na kuijaza rangi ukitaka. Kwa kuunganisha matukio na sauti nilitumia DaVinci Resolve, toleo la bure. Panga mradi uwe wa fremu 24 tangu mwanzo. Kubadilisha baadaye kunaharibu kila pigo ulilolihesabu.

Sauti za mazingira weka chache na uzichague kwa sikio. Nilianza na nyenje, mbwa, upepo, bahari. Nikatoa zote isipokuwa nyenje, nazo zinanyamaza pale hodi inapopigwa, kama zinavyonyamaza kweli mtu akikanyaga uani.

Kwa kutuma kwenye matamasha ya filamu, mfano ZIFF ya Zanzibar, soma masharti ya mwaka huo kuhusu urefu, tafsiri ya maneno chini ya skrini na aina ya faili, na uwe na nakala moja isiyobanwa ambayo huitumi kwa mtu yeyote. Karatasi za mwisho funga kwa tukio, jedwali la fremu likiwa juu ya kila fungu, uzirudishe kwenye ndoo. Za kwangu ziko chini ya kitanda, ndoo mbili, na ile kanga ya maua iko juu kabisa.